Asante kwa Maji

Kanisani kwetu niliombewa mkono, ingawa mkono wangu haukuwa na shida yoyote. Baba mkwe wangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, alisimama siku ya Sabato mbele ya watu wote, akafumba macho, akamwomba Mungu auguse mkono wa kushoto wa binti aliyeolewa katika boma lake, uvimbe upungue na maumivu yaondoke. Watu wakaitikia Amina. Wanawake waliokaa nami kwenye benchi walijua kilichoniuma, na mmoja wao alinifinya goti ili nisicheke. Lilikuwa titi. Lakini kwa desturi zetu sisi Wajaluo, baba mkwe halitaji titi la mke wa mwanawe, hata mbele za Mungu, na mzee yule alikuwa mtu wa kushika desturi na mtu wa kushika Amri. Naamini alitegemea kwamba Mungu angejua mwenyewe kuisogeza baraka kutoka mkononi mpaka mahali pake.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Kwetu ni Suna, upande wa Migori, na nilikuwa nimeolewa katika boma moja karibu na Kosele. Mume wangu alikuwa akiuza nguo Migori mjini, akija nyumbani kila alipopata nafasi. Mimi nilikuwa nimeletwa kwa wazazi wake kujifungua mtoto wetu wa kwanza, binti, na nikabaki hapo ili nifundishwe kulea. Hakuna mtu pale aliyeniita kwa jina langu. Niliitwa Nyar Suna, yaani binti wa Suna, kama vile kila mke katika boma alivyoitwa kwa mahali alikotoka.

Titi langu la kulia lilikuwa bahili tangu mwanzo. Mtoto alilivuta, akalia, akaliacha. La kushoto ndilo lililomlea. Basi lilipoanza kuwa gumu upande mmoja, kama kiazi kilichozikwa chini ya ngozi, kisha likawa jekundu na la moto, hofu yangu haikuwa juu ya titi lenyewe. Nilimtazama mtoto. Ng'ombe wetu wa maziwa alikuwa amekauka. Maziwa ya kopo yalikuwa madukani mjini, mbali, na wanawake waliyaogopa kwa sababu yalichanganywa na maji ya mtoni. Nilikuwa nimemwona mtoto wa jirani akilelewa kwa uji mwepesi baada ya mama yake kufariki, na nilijua mwili wa mtoto unavyoweza kupungua huku tumbo likikua.

Mama mkwe wangu alikuwa ameacha kazi yake kabla sijaolewa. Alikuwa nyamrerwa, mwanamke anayetibu watoto na wazazi kwa mizizi na majani. Huyo si mchawi wala mpiga ramli, lakini siku za ubatizo wa kwanza watu wa misheni hawakuwa na subira ya kutenganisha huyu na yule. Alipobatizwa aliambiwa auchome mkoba wake wa dawa, naye akauchoma uani, mumewe akisimama kando na kitabu cha nyimbo. Hakuwahi kulalamika. Ila watoto wa boma walipougua tumbo, alikuwa akitoka na jembe dogo bila kuaga, akirudi na kitu ndani ya khanga, na mumewe alikuwa akiangalia upande mwingine, kwenye migomba.

Alianza kunitibu kwa majani ya mbarika. Aliyapitisha juu ya moto mpaka yakalegea, akanikanda nayo yakiwa na joto la kuvumilika, akanifunga kitambaa. Alisema nimnyonyeshe mtoto upande huohuo, niumie nisiumie.

"Yeye ndiye dawa ya kwanza," alisema. "Mvutaji ana nguvu kuliko mkandaji." Kisha akamwambia mtoto, ambaye kwa utani wa kwetu bibi humwita mke mwenza, "Mke mwenzangu, fanya kazi! Umekuja hapa kula bure?"

Kwa muda nilipata nafuu. Kisha homa ikanishika, nikatetemeka huku jua likiwaka nje. Asubuhi moja mama mkwe alinifungua kitambaa, akaweka kidole juu ya uvimbe, akakibonyeza polepole. Ngozi ilikuwa laini, ikicheza kama tunda lililoiva kupita kiasi. Aliketi akakunja mikono.

"Kuna maji ya ugonjwa humu ndani," alisema. "Majani yangu hayana mdomo wa kuyanyonya. Hili linataka kisu."

Nililia. Tangu utotoni nilikuwa nimesikia kwamba titi likipitiwa na chuma maziwa hukimbia na hayarudi tena kwa mtoto huyo wala kwa wengine. Nilimuuliza kama hakuna mzizi, hakuna gome, hakuna kitu chochote mlimani kinachoweza kulipasua jipu kwa ndani.

"Upo mti wa kulaza uvimbe mchanga," alisema, "na upo wa kuita maziwa yaliyokimbia. Wa kukaa mahali pa kisu, kama upo, mama yangu hakunionyesha. Nikikudanganya wewe nitamdanganya na huyu." Akamwelekezea mtoto kidevu.

Baba mkwe alisimama nje, maana mzee wa Kijaluo haingii nyumba ya mwanawe hivihivi, akauliza kupitia ukutani: "Huo mkono unaendeleaje?"

"Mkono unakwenda hospitali," mkewe akajibu.

"Bwana asifiwe. Nitatafuta gari."

Tulipata nafasi kwenye lori la samaki lililokuwa likirudi ziwani likiwa tupu. Dereva alituketisha mbele, akasimama kila nilipolia kwa mashimo ya barabara, akawa anaomba radhi kana kwamba mashimo aliyachimba yeye. Hospitali ilikuwa ya misheni, nyumba ndefu nyeupe zenye paa la mabati, na harufu ya dawa ya kuoshea sakafu ambayo mpaka leo nikiisikia titi hunisisimka.

Daktari alikuwa mgeni, mtu wa maneno machache. Nesi alikuwa Mkenya, mtu wa mbali na kwetu, kwa hiyo tulizungumza naye Kiswahili, mimi kile cha darasani na mama mkwe kile cha sokoni. Nililazwa juu ya meza. Sindano ya ganzi iliniuma kuliko kisu chenyewe. Kisu nilikisikia kama mtu anayeandika kwa kidole juu ya nguo yangu. Kisha nikasikia kitu kikitiririka ndani ya beseni, na uzito niliokuwa nimeubeba ukaondoka mara moja, nikavuta pumzi mpaka chini kabisa. Mama mkwe alikuwa amekatazwa kuingia. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, na daktari hakumkataza kuimba.

Kidonda hakikushonwa. Waliingiza ndani kipande cha kitambaa chembamba ili usaha uendelee kutoka, wakanifunga bendeji. Nikaanza kupigwa sindano za penisilini. Hayo yote niliyapokea kwa shukrani, nikasema asante kwa daktari, asante kwa nesi, asante hata kwa mama aliyeleta beseni. Nilikuwa nimelelewa hivyo. Shule ya misheni ilitufundisha kwamba moyo usioshukuru ni nyumba isiyo na dirisha, na baba mkwe alikuwa ameweka sheria katika boma lake: hakuna kitakachopita mdomoni bila kushukuriwa, hata muwa.

Kesho yake nesi alikuja na vidonge ndani ya karatasi iliyosokotwa. Akaniambia daktari amesema kwamba nikitaka, naweza kuyakausha maziwa. Kidonda kitapona haraka, na hatari ya jipu lingine itapungua.

"Nikitaka?" niliuliza.

"Ukitaka. Si amri. Fikiria mpaka jioni."

Akaniachia vidonge juu ya kijimeza. Nilivitazama mchana kutwa. Sitasema vilikuwa dawa mbaya. Kwa mwanamke mwingine, mwenye titi la pili lililo jema au mwenye ng'ombe mwenye maziwa, pengine vingekuwa rehema. Lakini mimi nilikuwa na mtoto aliyelia mikononi mwa bibi yake kila alipopokonywa titi la kulia lililokuwa tupu. Upande wa kushoto nilikuwa nikijikamua kwa mkono kama nilivyoelekezwa, na kila mara matone yalikuwa machache kuliko mara iliyopita. Nilianza kuamini ule usemi wa utotoni. Chuma kimepita, na maziwa yamekimbia.

Mama mkwe alikaa kwenye mkeka kando ya kitanda changu bila kunishauri. Nesi aliporudi, ndipo alipoinuka.

"Sista," alisema kwa Kiswahili chake, "mimi hapana jua kisu. Wewe najua kisu. Lakini mimi najua mti ya kuita maziwa. Nitapatia huyu?"

Nesi aliketi pembeni ya kitanda. Sijasahau kwamba aliketi. "Mama, ni mti gani?"

"Mti ya mlima."

"Jina?"

Mama mkwe akatikisa kichwa. Kwa watu wa kazi yake jina la mzizi halitajwi mbele ya mgonjwa, na hata mimi sikuwahi kuambiwa mpaka leo.

"Mama, usiponitajia, mimi siwezi kukubali," nesi akasema. "Siwezi kukubali kitu nisichokijua. Hata wewe ungekuwa mimi usingekubali."

"Kweli," mama mkwe akasema. "Ningekataa."

Wakacheka wote wawili, na kitu kikalegea katika chumba kile. Nesi akanigeukia. "Nikwambie ninachokijua. Kwenye kidonda usiweke kitu. Si majani, si majivu, si samli, si kinyesi cha ng'ombe."

"Kinyesi!" mama mkwe akaguta. "Sista, mimi nilifanana mtu ya kuweka mavi kwa mtoto ya watu?"

"Nasema kwa wote, mama, usikasirike. Sindano lazima zimalizike. Na mtoto akirudi titini, maziwa yanaweza kurudi, kwa sababu anayeyaita hasa ni yeye. Utaumia. Siku za kwanza utaumia sana. Lakini kama ningekuwa wewe na titi moja tu la kutegemea, nisingekausha."

"Na mti wa mama?"

"Mti wa mama sijaujua, kwa hiyo sijausemea. Ukitoka hapa sitakuona. Ila msichanganye vitu viwili kwa siku moja. Ukidhurika hatutajua kilichokudhuru."

"Mti hauna haraka," mama mkwe akasema kwa Kijaluo, nikatafsiri, na nesi akachukua vidonge vyake akaenda.

Nimekaa na maneno ya wanawake wale wawili maisha yangu yote. Nimewaona watu wakigombana kana kwamba anayekwenda hospitali amemkana mama yake, na anayechemsha mzizi amemkana Mungu. Wao hawakugombana. Kila mmoja alionyesha mpaka wa anachokijua, akasimama hapo.

Nilirudi nyumbani sindano zilipokwisha, kidonda kikiwa safi na kikianza kujaza nyama kutoka chini. Mtoto alikuwa amepungua. Mikunjo ya mapajani ilikuwa imelegea. Nilimweka titini upande wa kushoto, akavuta, nikauma ukingo wa khanga kwa maumivu. Akavuta tena, akaniachia, akanitazama. Hakukuwa na kitu. Mama mkwe aliyaona macho yale, akachukua jembe dogo, akatoka bila kuaga.

Alirudi na mzizi, akauosha, akauponda, akauchemsha katika chungu kidogo kisichopikiwa kitu kingine. Akanimiminia katika kata ya kibuyu. Ilikuwa na rangi ya udongo na harufu ya mvua ya kwanza. Niliipokea kwa mikono miwili, nikafumba macho kama nilivyozoea kila kitu kilipokaribia mdomo wangu, nikasema: "Baba wa mbinguni, asante kwa dawa hii..."

Sikumaliza. Kata ilipokonywa mikononi mwangu kwa nguvu hivi kwamba nusu ilinimwagikia magotini.

"Umefanya nini?" mama mkwe alisema. "Nyar Suna, umefanya nini?"

Alitoka nje, akaimwaga iliyobaki kwenye majivu, akarudi akachukua na chungu, akakimwaga nacho. Nilidhani ameona kitu kibaya ndani ya kata, labda mdudu.

"Kwenu hawafundishi? Dawa haishukuriwi! Ukiishukuru imekwisha kazi. Imelipwa, inakwenda zake. Sasa ni maji ya kuoshea miguu."

Nilikuwa nimesikia jambo hilo kwetu pia, lakini nilikuwa nimeliweka pamoja na hadithi za wazee. Shuleni tulishukuru kwa kwinini. Tulishukuru kwa mafuta ya mbarika tuliyonyweshwa kwa lazima, huku tukitapika.

"Mama, sikuushukuru mti," nilisema. "Nilimshukuru Mungu."

"Mti utajuaje unamsema nani? Ulisema kwa sauti, umeushika mkononi!"

Baba mkwe alikuwa akichonga mpini wa jembe kivulini mwa ghala. Alikuja mpaka karibu na mlango, akasimama mahali pake pa kusimama.

"Kuna nini?"

"Binti yako ameua dawa kwa sala," mkewe akasema.

"Sala haiui."

"Hii imeua."

"Mwanamke, ulibatizwa katika maji yapi wewe?"

"Yaleyale uliyobatizwa wewe, na nilizama muda mrefu zaidi, maana mchungaji aliteleza. Sikusema asimshukuru Mungu. Nasema asishukuru dawa. Akipona, ashukuru mpaka sauti ikauke."

"Na sheria ya boma hili? Hakuna kinachopita mdomoni bila kushukuriwa."

"Basi chagua. Sheria yako, au maziwa ya mke mwenzangu."

Mtoto alikuwa akilia wakati huo, kilio chembamba, si kile cha hasira alichokuwa nacho zamani. Sote tulikisikia. Mimi nilikaa na magoti yangu yaliyolowa, nikiwaza. Sikuamini kwamba Mungu anaweza kuharibu dawa kwa sababu ameshukuriwa. Lakini sikuweza pia kunywa mbele ya mwanamke yule kitu ambacho yeye amekwisha kukiona kimekufa. Nguvu zake zote alizozipeleka mlimani zilikuwa ndani ya kata ile. Na kunywa bila kushukuru kungekuwa kwangu kama kula kitu cha wizi.

Nilisikia kisu cha mzee kikikwaruza mpini mara moja, kisha kikasimama.

"Huo mzizi unachemshwa kwa kitu gani?" aliuliza.

"Kwa maji. Kwa kitu gani kingine?"

"Maji ni dawa?"

Mama mkwe akafikiri. "Maji ni maji."

"Basi ashukuru kwa maji. Na kwa kata, kama kata si dawa. Kilichomo ndani ya maji Mungu anakiona mwenyewe, hana haja ya kuonyeshwa kwa kidole."

Naona mpaka leo jinsi mkewe alivyokuwa akiligeuza jambo lile kichwani kama mtu anayegeuza sarafu sokoni kuona kama ni nzuri.

"Kwa maji, sawa," alisema mwishowe. "Lakini asikitazame chungu."

Akachukua jembe akarudi mlimani, na jua lilikuwa kali. Alirudi saa za alasiri, miguu imejaa vumbi, hakulalamika. Akaosha, akaponda, akachemsha. Akanipa kata. Niligeuza uso wangu mlangoni, mbali na chungu, nikasema kwa sauti ili na mzee aliye nje asikie: "Baba wa mbinguni, asante kwa maji haya. Amina."

"Amina," akasema mzee.

"Amina," akasema mama mkwe. "Kunywa upesi kabla hujakumbuka neno lingine."

Ilikuwa chungu, na nyuma ya uchungu kulikuwa na utamu kidogo. Niliinywa asubuhi na jioni. Bendeji nilibadilisha kama nilivyofundishwa, kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, na mama mkwe hakukigusa kidonda, kwa sababu alikuwa ametoa neno lake kwa nesi. Mtoto nilimweka titini kila alipoamka, upande wa kushoto kwanza, nikiuma khanga. Kila jioni baba mkwe aliuliza habari za mkono.

Siku moja, nikiwa nimekaa mlangoni nikichambua mboga na mtoto amelala ndani, nilihisi kitu kama sindano ndogondogo kutoka kwapani kuja mbele. Nilikijua, ila nilikuwa nimekisahau. Nikatazama gauni langu. Upande wa kushoto palikuwa na duara lililolowa, na nilipolitazama lilipanuka. Mtoto alikuwa hata hajalia.

Nilimwita mama mkwe. Alikuja na mikono ya unga, akaliona duara lile, akasimama. Sikuwa na neno lolote mdomoni isipokuwa lile moja, na lilikuwa limefika kwenye meno. Naye alilijua. Aliniinulia kidole chenye unga, macho makali.

"Usithubutu," alisema. "Bado inafanya kazi."

Nikaingia ndani, nikamchukua mtoto, nikamweka. Nilimsikia akimeza. Mtu ambaye hajawahi kukaa akisubiri sauti ile hawezi kujua ni sauti gani: kumeza, kupumzika, kumeza. Machozi yalinitoka. Kwa kuwa nilikatazwa neno, nilianza wimbo wa Sabato, mmoja wa zile nyimbo za sifa, na mama mkwe akaupokea kutoka jikoni kwa sauti ya pili, akipiga unga kofi kwa mdundo. Kuimba hakukuwa kumekatazwa. Baba mkwe aliyekuwa kwenye migomba akauliza, "Mkono?" na mkewe akamjibu, "Mkono unanyonywa!" Mzee akaondoka haraka kuelekea mtoni, na hakurudi mpaka giza lilipokaribia.

Wapo watakaoniuliza ni nini kilichoyarudisha maziwa. Nimeulizwa na wanangu, na mmoja wao amesomea uuguzi. Kisu kilitoa usaha. Bila hicho ningekufa au ningelipoteza titi. Sindano zilizuia ugonjwa usirudi. Mtoto alivuta bila kukata tamaa. Mzizi nao niliunywa. Mwanangu mwuguzi anasema mtoto peke yake angetosha. Inawezekana, na simbishii. Ninachokijua ni kwamba nisingekuwa na ujasiri wa kuendelea kumweka mtoto kwenye titi linalouma kama pasingekuwa na mwanamke aliyepanda mlima mara mbili kwa siku moja kwa ajili ya kata moja. Mimi huwashauri wanawake vijana wa kanisani waende hospitali mapema, wamwambie nesi kila wanachokunywa hata kama ni majani ya bibi, na wasiweke kitu kwenye kidonda. Kisha huwaambia wasimfukuze bibi.

Mtoto alipoachishwa ziwa, nilikwenda nyumbani kwa mama mkwe nikiwa nimechukua kuku mwekundu. Nilikuwa nimelitunza lile neno muda wote. Aliniona natokea langoni.

"Kuku wa nini?"

"Wa kula, Mama. Na nimekuja kusema..."

Alinitazama kuanzia usoni mpaka kiunoni, macho yakabaki hapo. "Wewe una mimba," alisema. "Utanyonyesha tena. Funga mdomo, mlete kuku."

Ikawa hivyo kwa kila mtoto. Kila nilipomaliza kunyonyesha mmoja, mwingine alikuwa njiani, na titi la kushoto, lenye kovu lake kama ukucha, liliwalea wote. Yule wa mwisho alipoachishwa nilijiambia kwamba sasa umefika wakati. Mama mkwe alikuwa amezeeka, amekaa juani kwenye ngozi yake ya ng'ombe. Akanisikiliza mpaka nikakaribia kulitamka, ndipo akainua mkono.

"Na mabinti zako? Hawatanyonyesha?"

Alizikwa kabla binti yangu wa kwanza hajaolewa. Kaburini niliombwa niseme machache kama mkubwa wa wake za wanawe. Nilisimama, nikatazama lile sanduku, nikasema kwamba alikuwa mwanamke wa imani, na kwamba alijua kupanda mlima. Niliketi. Watu walidhani huzuni imenikata sauti.

Sasa mabinti zangu wote wamemaliza kunyonyesha, na yule aliyelia siku ya kata ile ana mvi. Lakini wajukuu wangu wa kike wameanza, na mmoja wao yuko hapa nyumbani kwangu sasa hivi na mtoto wake mchanga, nasikia akimbembeleza chumba cha pili. Kwa hiyo mama mkwe wangu bado sijamwambia lile neno, na humu pia sitaliandika kwake. Asubuhi ninapoinua kikombe changu kabla ya dawa za shinikizo la damu, nageuza uso kidogo kuelekea mlangoni, mbali na vidonge, na namshukuru Mungu kwa maji.